Pasi inaisha mwisho wa mwezi, REC (kamati ya maadili ya utafiti) bado. Nani amepitia?

Kutoka: Mtanga wa Kikoni

Salaam wanabaraza, wakubwa shikamooni.

Pasi yangu ya mwanafunzi, kibali cha kukaa hapa Uganda, inaisha mwisho wa mwezi. Ofisi ninakotakiwa kuiongezea muda (jina lake nalihifadhi, orodha hii ina wasomaji wengi) inataka barua ya REC ambayo haijaisha. Yangu ndiyo hiyo iko kwenye mapitio ya mwaka na kamati haijakaa. Nikirudi idarani kuomba barua ya maendeleo, naambiwa niende kwanza na pasi iliyo hai. Kila mmoja ananirudisha kwa mwenzake.

Kazi yenyewe haimgusi mgonjwa. Nachukua picha za eko (ultrasound ya moyo) za watoto wenye RHD, ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, zimefutwa majina, naumba kwa silikoni vali ya mitrali (mlango mmoja wa moyo) iliyosinyaa, naifunga kwenye pampu na kupima shinikizo. Swali langu ni moja: risiti ya kwamba maombi ya REC yamepokelewa, inakubalika mahali pa barua?

Kutoka: Fundi Pampu

Pole sana dada. Yangu ilikuwa kali kuliko hiyo. Wenzetu wa maabara moja Marekani walinipa pampu ya msaada. Wakala wa forodha akajaza kwenye fomu "pampu ya moyo". Basi! Faili likahamia kwa watu wa vifaa tiba, kila meza inauliza mgonjwa yuko wapi, atapasuliwa lini. Naeleza kwamba inasukuma maji na gliserini kwenye mpira, mtu ananitazama kama nimetoroka mahali. Ilipotoka, kumbe ni ya volti 120, na ukuta wetu unatoa 240. Msiniulize zaidi.

Kutoka: Bin Kombo

Fundi, ameuliza REC wewe unajibu forodha.

Na wewe binti, marahaba, lakini acha kusema "haimgusi mgonjwa". Picha zimetoka kifuani kwa mtoto wa mtu. Hiyo ni kazi ya binadamu: REC kwanza, kisha usajili UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), kisha barua ya utawala ya hospitali. Kama picha zinakwenda kwa msimamizi mwenza ng'ambo, kuna mkataba wa data juu yake. Wengi humu wanapata REC wanadhani wamefika.

Kutoka: Mtanga wa Kikoni

Asante mzee. Hizo zote ninazo. Iliyoisha ni REC tu. Naulizia risiti.

Kutoka: Mkongomani wa Nsambya

Bandugu, si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Kongo tumeingia 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Sasa pasi ya mwanafunzi ya nini, kati ya Bukavu na Kampala? Baraza la vyuo vikuu la Afrika Mashariki lenyewe liko hapahapa Kampala. Banatuita ndugu kwenye mkutano, mlangoni banatuita wageni.

Kutoka: Bin Kombo

Itifaki haikufuta pasi. Isome, usisikie kwa watu.

Kutoka: Mkongomani wa Nsambya

Nimeisoma, mzee. Ndiyo maana nauliza.

Kutoka: Daktari wa Mengo

Mtanga, tuache makaratasi kidogo. Unalinganishaje fantomu yako, huo mfano wa silikoni, na eko? Kasi ya damu mara yenyewe, mara 4, ndiyo tofauti ya shinikizo: mita 2 kwa sekunde inakupa milimita 16 za zebaki. Kama pampu inakupa tofauti na hapo, usikimbilie kulaumu vali. Pima joto la mchanganyiko wako. Mnato wa gliserini hushuka joto likipanda, na maabara ya Kampala saa mbili asubuhi si ileile ya saa tisa alasiri. Nimewaona vijana wakirekebisha vali wiki nzima kumbe dirisha ndilo lenye kosa.

Kutoka: Fundi Pampu

Mimi natumia maji 60 kwa gliserini 40. Lakini dada, silikoni hiyo itapita ISO 5840, kiwango cha kimataifa cha vali bandia za moyo? Wanataka mizunguko milioni 400.

Kutoka: Daktari wa Mengo

Milioni 400 ni vali ngumu. Za utando laini ni milioni 200. Halafu yeye hatengenezi vali ya kupandikizwa, anatengeneza mfano wa ugonjwa. Aipitishe ISO ili iweje?

Kutoka: Mama Nasra

Wanangu, mimi si mhandisi, nilifuata mume huku. Lakini nauliza: lile jaribio la kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wenye RHD iliyokuwa bado imejificha, si lilionyesha kwamba kati ya waliochomwa penisilini ni asilimia 0.8 tu ambao ugonjwa uliwazidi, na kati ya wasiochomwa ni asilimia 8.2? Sindano kila wiki nne. Sasa nyote mnaumba mipira ya nini?

Kutoka: Bin Kombo

Penisilini haina ufadhili wa uzamivu, mama.

Kutoka: Daktari wa Mengo

Si haki kusema hivyo. Wale ambao vali imeshasinyaa, sindano haiirudishi ilivyokuwa. Na moyo si RHD peke yake. EMF, ugonjwa wa makovu ndani ya moyo, ilielezwa hapahapa mwaka 1948, na daktari Davies wa Makerere...

Kutoka: Bin Kombo

Wa Mulago.

Kutoka: Daktari wa Mengo

Alifundisha Makerere, alifanya kazi Mulago. Ni kilima kimoja na kingine, mzee, tusigombane.

Kutoka: Mtanga wa Kikoni

Jamani. Leo nimetoka kule ofisini nikapanda boda, nikamsalimu kijana kwa Kiswahili, akanijibu "ndiyo afande". Mimi, na hijabu yangu! Nimekula matoke mpaka basi, nina hamu ya changu wa kukaanga na boflo, na mtu wa kunijibu salamu bila kudhani nakuja kumkamata.

Kutoka: Fundi Pampu

Afande Mtanga! Na eti Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2022.

Kutoka: Bin Kombo

Lugha rasmi ya pili iliwekwa kwenye katiba mwaka 2005. Mwaka 2022 ni baraza la mawaziri lililotaka kifundishwe kwa lazima mashuleni. Mnachanganya kila mwaka.

Kutoka: Mama Nasra

Mtanga mwanangu, Jumapili napika wali wa nazi. Changu hapa sina, nitakukaangia ngege. Njoo na mwenzako mmoja, si watano kama ile Idi.

Kutoka: Mtanga wa Kikoni

Nitakuja mama, shukrani sana. Lakini risiti? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuipeleka?

Kutoka: Fundi Pampu

Dada, kesho ukienda kwenye REC niulizie na yangu. Namba ya maombi nakutumia pembeni.