Nimerithi kopo la unga wa risasi (ile metali, si ya bunduki): nipake geti au nitupe?

Mrithi_wa_Karakana: Wakuu, heshima kwenu. Marehemu babu alikuwa fundi vyuma. Kwenye karakana yake nimekuta kopo la unga wa rangi ya machungwa, dogo lakini zito utadhani limejaa misumari. Alikuwa akiuchanganya na mafuta ya kitani, anapaka chuma kabla ya rangi yenyewe, na mageti yake hadi leo hayajui kutu. Sasa nina geti kuukuu, nimelipiga msasa siku mbili na vumbi lake ni la rangi hiyo hiyo. Niutumie huo unga?

Nondo12: Paka mkuu! Praima za siku hizi maji matupu. Mafundi wa zamani walitumia hiyo na wamezeeka vizuri tu.

Mkemia_Mstaafu: Acha msasa kwanza. Uzito huo unanifanya nishuku oksidi nyekundu ya risasi, Pb3O4. Takriban asilimia 90 yake ni risasi tupu. Sifa zake za kuzuia kutu ni za kweli: ikikutana na mafuta ya kitani hutengeneza sabuni za risasi zinazolinda chuma, ndiyo maana meli na madaraja yalipakwa. Hutumika pia kwenye betri za magari na vioo vya kristali. Ila kiwanda makini kina mitambo ya kuvuta vumbi, na wafanyakazi hupimwa damu. Wewe una nini, leso?

Mrithi_wa_Karakana: Leso kweli 😂 Lakini kichwa hakiniumi. Kinachonitia wasiwasi ni mwanangu wa miaka miwili, nikirudi tu ananirukia na nguo zangu za kazi.

Nesi_Zamu: Kichwa kutouma si kipimo. Risasi hukaa mifupani miaka na miaka, na mtoto akiimeza hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Kapimeni damu wote wawili, na mtaje kabisa kwamba mnataka kipimo cha risasi. Halafu asikudanganye mtu na maziwa, hayaiondoi.

Mkemia_Mstaafu: Rangi iliyobaki iloweshe, uikwangue ingali na maji. Usiichome, moshi wake nao ni sumu. Usifagie, futa kwa kitambaa kibichi. Kisha paka praima ya fosfeti ya zinki. Kopo lifunge, liandike SUMU, ulipeleke kwa wanaopokea taka za kemikali. Mtaroni usimwage.

Nondo12: Mkemia, langu nalizuilia mlango wa stoo. Nalo nilifunge?

Mkemia_Mstaafu: Kumbe lipo wazi?!