Hilux ya zamani, giaboksi inalia nikiwa nyutro, nikikanyaga klachi inanyamaza

Simsim_Arua
Wazee habari. Niko na Hilux ya 1993, dizeli, injini aina ya 2L, gia za mkono spidi 5, nabebea mihogo na simsim toka vijijini kuleta Arua mjini. Wiki mbili sasa gari ikisimama inanguruma tu, iko nyutro, nasikia sauti kama mtu anasaga mtama kwa jiwe, nikikanyaga klachi inanyamaza kabisa, nikiachia inarudi. Gia zinaingia vizuri, haziruki. Fundi mmoja hapa kasikiliza dakika mbili akasema giaboksi imekufa, nitafute ingine ya Japani, milioni moja na nusu. Banange hizo hela natoa wapi? Kabla sijauza mbuzi nisaidieni.

Spana14
Usiuze kitu bado ssebo. Ukiachia pedeli, shafti ya kuingilia inazunguka na injini na inazungusha ile ya chini, kaunta shafti, hata kama uko nyutro. Ukikanyaga zote mbili zinasimama. Sasa kelele ikikatika hapo ni beringi za ndani, ya shafti ya kuingilia au za kaunta. Ingekuwa inalia ukikanyaga na inanyamaza ukiachia ningesema rilis beringi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedeli, na hiyo haihitaji hata kufungua giaboksi, unaishusha tu. Toka barabara ya Koboko pale kwenye lami, sikiliza gia moja moja, hasa ya 4.

Simsim_Arua
Nimerudi sasa hivi. 1, 2, 3 inalia, 5 inalia vibaya, 4 imetulia karibu kabisa?? Sielewi

Spana14
Basi inaanza kujionyesha. Gari ya kusukuma kwa tairi za nyuma kama yako, gia ya 4 nguvu inapita moja kwa moja toka shafti ya kuingilia mpaka ya kutokea, kaunta inazunguka lakini haina mzigo. Gia zingine zote nguvu inashukia kaunta kwanza. Mimi ningeanza kushuku beringi za kaunta. Ila wenye Kikumi, zile Corolla, msitumie hii ya gia ya 4, ile inavuta mbele na ndani imepangwa tofauti.

Dereva_Malaba
Mbona hakuna anayeuliza oili? Yangu ililia hivyo hivyo kumbe sili ya nyuma inavuja, ndani imebaki oili ya kujaza kikombe. Fungua nati ya kujazia KWANZA, ile ya ubavuni, ndio ufungue ya chini, maana ukishamwaga alafu ya juu ikakataa kufunguka umekwama na gari kavu. Ingiza kidole, oili inatakiwa ifike ukingo wa tundu. Mwaga kwenye beseni safi uangalie: uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uzee wa kawaida, vipande vya chuma unavyoweza kushika ni beringi au meno, vumbi la rangi ya dhahabu ni shaba ya sinkro, pete zinazosaidia gia kuingia laini. Na usikubali wakuwekee ile nzito ya 140 ati ifiche kelele, asubuhi utapigana na gia. Weka 75W-90 ya GL-4.

Spana14
Oili sawa, lakini beringi ikishaliwa oili haiiponyi, itapunguza sauti siku mbili tatu tu. Ukifungua badilisha beringi zote na sili kwa mara moja, kazi ya kushusha ndiyo inakula siku.

Simsim_Arua
Majibu: oili ilikuwa imeshuka sana na beseni limejaa vipande vya chuma. Leo tumefungua na fundi mwingine, beringi ya kaunta ya mbele inacheza kwa mkono, meno yote mazima. Nimempa dereva wa basi ile ya zamani aende nayo Kisekka, soko la spea Kampala, nikamwambia alinganishe namba iliyochongwa pembeni, asinunue kwa macho. Sili ya nyuma pia nimeagiza maana ilikuwa imelowa. Yule wa milioni na nusu bado ananipigia.