MREJESHO: Umbali wa ndege New York (JFK) mpaka Singapore (Changi)

Wakuu nimerudi, niliuliza unapataje umbali wa viwanja viwili vya mbali sana bila kutegemea rula na ramani ya ukutani, asanteni wote mliojibu. Nimefuata ile njia ya haversini (fomula ya kupata umbali mfupi zaidi kati ya sehemu mbili juu ya uso wa dunia) na imekubali. Unachukua latitudo na longitudo za kila kiwanja, JFK ni 40.64 na -73.78 (magharibi inakuwa hasi, kusini pia), Changi 1.36 na 103.99, unazigeuza kuwa radiani, yani unazidisha kwa pai unagawa kwa 180, mana Excel ukiiwekea digrii moja kwa moja inakupa namba za ajabu tu, halafu unaziingiza kwenye hiyo fomula, na unamalizia kwa kuzidisha jibu lake na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371.

Jibu: kama kilomita 15,340 hivi. Ukitaka maili za baharini gawa kwa 1.852, inakuja kama 8,280.

Kilichonishangaza ni mstari wenyewe wa hiyo njia fupi, unapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini! Longitudo zao zinapishana karibu digrii 178 kwahiyo kupanda juu na kushuka upande wa pili ndo shortkati, kwenye ramani bapa huwezi kuiona hata ukodoe macho vipi.

Ila yule aliyesema hiyo ni namba ya chini tu yuko sahihi, ndege yenyewe inazunguka zaidi kufuata upepo au kukwepa anga zilizofungwa. Na dunia sio duara kamili, so tofauti inaweza kufika nusu asilimia, kwangu hiyo sio ishu.