Strima ya zamani ya bei kubwa: ninunue iliyotumika au niachane nayo?

Muulizaji wa Ilazo:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Ninaishi Ilazo, hapa Dodoma, na kwa miaka zaidi ya kumi nimekuwa nikinakili CD zangu kwenye diski ya kompyuta, ambazo sasa zimefika kama mia nne, pamoja na rekodi nilizozichukua mwenyewe za muheme, ngoma ya Wagogo, na ilimba, ala yao ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, katika vijiji vya Chamwino. Muziki huo wote huwa nausikiliza kwa kuchomeka simu kwenye amplifaya kwa waya wa tundu la masikioni, jambo ambalo rafiki zangu wamekwisha kulifanyia utani wa kutosha.

Mhandisi mmoja kutoka Uingereza, anayemaliza mkataba wake, anauza strima, yaani mashine inayocheza muziki kutoka mtandaoni au kwenye diski ya nyumbani na kuupeleka kwenye amplifaya, aina ya Naim NDX, ya kile kizazi cha mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa shilingi 3,200,000. Rimoti ipo na katoni lake lipo. Nilikwenda kuisikiliza kwake Area D nikiwa na rekodi zangu kwenye fleshi, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza nilisikia kidole gumba cha mpiga ilimba kikiachia ulimi wa chuma kabla noti yenyewe haijalia. Hata hivyo nina woga. Nyumbani kuna runinga janja ambayo kioo chake ni kizima kabisa, lakini programu zake ziligoma moja baada ya nyingine kabla haijamaliza miaka sita. Je, kuna busara kutoa fedha nyingi hivyo kwa mashine ya mtandao yenye umri zaidi ya muongo mmoja? Mke wangu ameuliza swali hilohilo, kwa maneno machache zaidi.

Fundi wa Makole:

Marahaba, ingawa sina hakika kama nimekuzidi umri. Swali lako litajibika ukikubali kwanza kwamba ndani ya boksi lile mna mashine mbili ambazo hazizeeki kwa mwendo mmoja. Ya kwanza ni ya umeme na sauti: transfoma, kapasita, saa ndogo inayozipigia tarakimu mwendo, na kigeuzi kinachozifanya tarakimu hizo kuwa mawimbi yanayoweza kuingia kwenye amplifaya. Ya pili ni kompyuta ndogo inayozungumza na ruta, na simu yako, na huduma za muziki za mtandaoni. Ile ya kwanza, kama ilitengenezwa kwa uangalifu mwaka 2012, inaweza kuwa nzuri leo kama ilivyokuwa siku ile, kwa sababu CD ilikuwa na biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde wakati huo na bado ni hivyohivyo. Ya pili ilianza kuchakaa siku ilipotoka kiwandani, hata kama hakuna mtu aliyeigusa.

Mfano ulio wazi ni Squeezebox, strima ya zamani ya kampuni ya Slim Devices. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, ikaacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikaizima seva yake ya mtandaoni. Aliyekuwa akiitegemea seva hiyo kwa redio za intaneti alibaki na boksi bubu mezani, ilhali aliyekuwa na muziki wake mwenyewe kwenye diski, na ile programu huria ya seva ambayo sasa inaitwa Lyrion Music Server, aliendelea kusikiliza kama vile hakuna kilichotokea. Mashine ni ileile. Tofauti ilikuwa ni nani anayeishika kamba.

Kuna na uzee mwingine ambao muuzaji mwenyewe huwa hauoni. Kifaa kinapoingia mtandaoni hukagua vyeti vya usalama vya tovuti kinazozifikia, na vyeti hivyo vina tarehe ya mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimojawapo cha msingi, kilichokuwa kimewekwa katika vifaa vingi vya zamani, kilikwisha muda wake, na vifaa ambavyo havikuwa vimepelekewa kipya vikaanza kuzikataa tovuti ambazo jana yake vilizikubali. Mafundi wengi tuliletewa vifaa vya namna hiyo tukafungua na kupima kila kitu bila kuona kasoro, kwa sababu kasoro haikuwa ya waya.

Kwa NDX, kizazi kilichofuata, yaani NDX 2, kilitoka mwaka 2018 kikiwa na ubongo mwingine kabisa wa mtandao. Kwa hiyo katika hizo milioni tatu usihesabu huduma yoyote ya mtandaoni, hata kama leo inafunguka. Ichukulie kama zawadi ambayo mwenyewe anaweza kuja kuidai. Hesabu mambo matatu tu: inasoma faili za FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza sauti) kutoka seva ya nyumbani, yaani kompyuta yenye muziki wako, kwa waya wa ruta, inasoma fleshi kwa mbele, na nyuma ina soketi za kupokea sauti ya kidijitali kutoka chombo kingine. Hilo la tatu ndilo linaloniponya moyo. Siku kompyuta yake ya ndani itakapogoma, utanunua kimashine kidogo kipya, kwa mfano WiiM Pro iliyotoka mwaka 2022, kifanye kazi ya kuongea na mtandao na kuipelekea NDX tarakimu kwa waya wa mwanga au wa shaba. Kikizeeka unakitupa bila machozi, na sehemu yenye gharama inabaki mahali pake.

Si kila strima ya kifahari inakupa njia hiyo ya kutorokea. Linn, watengenezaji wengine wa strima, ambao walileta Klimax DS mwaka 2007, wana safu ya DS na safu ya DSM. DS za mwanzo hazina soketi za kupokea kidijitali, wakati DSM zinazo. Herufi moja tu, lakini kwa mnunuzi wa mkono wa pili ndiyo tofauti kati ya chombo chenye maisha ya pili na chombo kisicho nayo. Kabla hujatoa fedha kwa mashine yoyote ya aina hii, igeuze uutazame mgongo wake.

Upande wa umeme, adui wa kapasita ni joto. Kanuni ya kazi tunayoifuata ni kwamba kila nyuzi kumi za Selsiasi zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Muulize mwenyewe iliwekwa wapi: kwenye rafu ya wazi, au ndani ya kabati pamoja na amplifaya, katika joto letu la Oktoba na Novemba. Halafu mwombe aiwashe kwa muda wa saa mbili kabla hujafika, kwa maana mashine baridi huficha mengi.

Binti Kondoa:

Kaka wa Ilazo, mimi nitaongeza la umeme wa ukutani, kwa kuwa nililipia ada ya shule hiyo. Niliagiza strima iliyotumika kutoka Marekani, nami nikaridhika kununua adapta ya plagi ya shilingi elfu tano nikidhani adapta ni transfoma. Nyuma ya mashine pameandikwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Ilitoa moshi kabla taa yake haijamaliza kupepesa. Vifaa vyenye pawasaplai ndogo za kisasa mara nyingi hupokea volti 100 hadi 240, lakini vile vya kifahari vyenye transfoma nzito mara nyingi vimefungwa kwenye volti moja, na vilivyouzwa Japani ni volti 100. Hiyo ya kwako imetoka Uingereza, kwa hiyo yaelekea itaendana na umeme wetu. Hata hivyo usome kibandiko kwa macho yako.

La pili, muulize huyo mhandisi aliiingizaje nchini. Kama iliingia kwa msamaha wa kodi wa mkataba wake, kumuuzia mtu asiye na msamaha huo kunaamsha ushuru, na ni vema mkajua mapema nani ataulipa, kuliko kujua baadaye kwa barua.

Mzee wa Kikuyu:

Mwanangu, hawa wamekueleza jinsi ya kununua. Hakuna aliyekuuliza kama unahitaji. Simama katikati ya sebule yako upige kofi moja. Kama nyumba ni hizi zetu za sasa, zenye vigae chini, jipsamu juu na madirisha makubwa ya alumini, utasikia kofi likirudi kwako na kukaa hewani kama nyuki. Hakuna kigeuzi cha bei yoyote kitakachoondoa hilo. Zulia zito, mapazia yanayofika sakafuni na rafu ya vitabu nyuma ya kiti chako vitakupa zaidi ya NDX, na mama watoto hatauliza swali.

Vigeuzi vya bei ndogo vya leo, ukivipima kwa vyombo, vimekwisha kufikia mahali ambapo sikio la umri wangu haliwezi kuvitenganisha na vya fahari. Nawe unatokea kwenye tundu la simu. Kiruko chochote kutoka hapo utakiona ni muujiza. Ulichokisikia Area D kilikuwa strima, au kilikuwa spika na chumba cha yule bwana? Azima mashine uipeleke kwako ndipo uamue. Kama atakataa kuiazima kwa usiku mmoja, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu huduma za mtandaoni, sauti ya CD isiyobanwa hula takriban megabaiti 635 kwa saa, na hata ikibanwa kwa FLAC ni zaidi ya nusu ya hapo. Mwenye diski yake anasikiliza bure.

Muulizaji wa Ilazo:

Nawashukuru wote. Mzee, nimepiga kofi, na nyuki wapo. Bwana yule alikubali kuniazima kutoka Ijumaa hadi Jumapili. Kibandiko kinasema volti 230. Kwa waifai ilikatika mara nne ndani ya saa moja, kwa kuwa ruta iko ng'ambo ya kuta mbili za tofali, lakini kwa waya haikukatika hata mara moja. Nilizima intaneti kabisa nikaacha ruta peke yake, na bado ilisoma CD zote kutoka kwenye diski, huku programu yake kwenye simu ikiitambua vizuri. Sauti ya ilimba niliyoisikia kule haikufika yote nyumbani kwangu. Ilifika labda robo tatu, na hiyo robo nadhani imebaki kwenye chumba kile. Hata hivyo tofauti na simu ni kubwa. Kimoja tu kinanisumbua: usiku, muziki ukinyamaza, kuna mvumo mdogo.

Fundi wa Makole:

Mvumo unatoka wapi? Weka sikio kwenye boksi, kisha kwenye spika. Ukiwa kwenye boksi pekee, ni transfoma inayotikiswa na umeme wa gridi usio safi. Unaudhi lakini hauui, na ukiusikiliza kwa saa tofauti utaona unapanda na kushuka. Ukiwa kwenye spika, usilipe hata senti kabla sijaifungua, maana huenda ni kapasita au tatizo la ardhi ya umeme.

Muulizaji wa Ilazo:

Ni boksi pekee, na saa tisa usiku haupo kabisa. Tumekubaliana shilingi 2,600,000, na ameandika kwamba ushuru, kama upo, atamalizana nao yeye kabla ya makabidhiano. Waya wa ruta wa mita kumi na tano nimekwisha kuuvuta. Zulia la Mzee linasubiri mshahara wa mwezi ujao.