Tupeane uzoefu: mlimsubiri kiongozi wa kitaifa kwa muda gani hapa Tanga?

Wadau, nafundisha shule ya msingi Mkinga. Mwaka juzi tuliambiwa waziri angepita saa 4 asubuhi. Saa 2 watoto wako barabarani, bendera za karatasi mikononi. Alipita saa 10 kasorobo, akapunga mkono dirishani, basi. Mtoto wa darasa la pili alikuwa keshalala kwenye mizizi ya mwembe, rangi ya bendera imemchujia kiganjani. Nilimbeba mgongoni hadi kwao. Muda wa wakubwa hawa hupangwaje? Na nyie yamewakuta yapi?

Mstaafu, Chumbageni: Pole mwalimu. Nimeandaa ziara miaka mingi. Ratiba huandikwa kwa dakika: taarifa ya mkoa, kukagua mradi, jiwe la msingi, mkutano wa hadhara. Kinachoivuruga ni barabara. Kuanzia Segera kila kituo watu wamejaa. Akisimama dakika 10 hapa, 15 pale, mpaka kufika kwenu Mkinga siku imekwisha. Msafara ulipo hautangazwi, ni usalama. Lakini kumwambia mwalimu awaache watoto darasani mpaka apigiwe simu, hilo lilikuwa ndani ya uwezo wetu. Hatukulifanya. Naomba radhi.

Mvuvi, Deep Sea: Mie nilikuwepo Chongoleani 5 Agosti 2017, Magufuli na Museveni wakiweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima. Jua la utosi, sikuondoka. Ila mie nilikwenda kwa miguu yangu. Mtoto hakuulizwa.

Muuza machungwa, Muheza: Mniwie radhi, mie nataka wasimame. Kwenye ratiba hatukuwemo kabisa. Tulijaa barabarani, msafara ukasimama, nikapewa kipaza sauti, nikasema mtaani kwetu tunachota maji bondeni, wajawazito nao na ndoo kichwani. Mhusika akaitwa pale pale ajieleze. Wabunge wana Alhamisi yao ya kumuuliza Waziri Mkuu papo kwa papo kule Dodoma. Sie Alhamisi yetu ndiyo hizo dakika 10 za barabarani.

Mwalimu, Mkinga: Dada, nimekusoma mara mbili. Huenda dakika zako ndizo tulizozisubiri sisi chini ya mwembe. Maji yalitoka?

Muuza machungwa, Muheza: Yalitoka, baada ya miezi minne. Yule mtoto hajambo?