Wenye magari Dodoma, mnalindaje rangi na rimu kwa vumbi hili? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Msimu ndio huu. Mvua zimekata, upepo umeshika kasi, na mpaka Desemba hatutegemei tone. Unaosha gari asubuhi, ukitoka mji wa serikali kule Mtumba jioni mtoto wa jirani anaweza kuandika jina lake kwenye buti.

Kilichonifanya nilete mada ni Crown mbili nyeusi ninazoziona kwenye maegesho ya kazini. Umri wao unakaribiana na zote zinashinda juani. Moja ukiisogelea imejaa mikwaruzo midogo ya duara bodi nzima, hasa jua likiipiga kwa pembeni. Nyingine unaweza kujitazama ukafunga tai. Nikamuuliza dereva wa hiyo ya pili anapaka dawa gani. Akaniambia, "Sipaki dawa. Mimi siipangusi." Akapandisha kioo.

Sasa naomba wenye uzoefu mshushe, hasa wa hapa hapa Dodoma na njia zake. Hao wa kwenye video za ng'ambo wana bomba lisilokatika na maji yasiyo na chumvi, hawatusaidii sana. Na anayetaka kuniambia "weka seramiki" aeleze kwanza inafanya nini.

Dereva wa Siku Nyingi

Mkuu, huyo mwenzangu amekujibu vizuri, amekunyima maelezo tu. Nimeendesha magari ya ofisi tangu tukiwa Dar, serikali ilipohama nikahama nayo. Kule adui ni chumvi ya bahari, inakula gari kwa chini. Huku chini pakavu, bodi haiozi upesi, lakini juu kunaliwa.

Vumbi letu lina chembe za mchanga ngumu kuliko kioo. Mchanga wa kwatzi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs upo 7, kioo cha dirisha kipo kama 5 na nusu. Na ile kliya, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, ni laini kuliko vyote hivyo, halafu unene wake kwa gari la kiwandani ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele. Chukua sasa kitambaa kikavu, zungusha juu ya boneti lenye vumbi.

Madereva wengi tuna kitambaa chini ya kiti. Bosi akikaribia kutoka, unateremka fasta unapangusa. Yeye anaona gari linang'aa, anaridhika, na baada ya mwaka anauliza mbona rangi imefifia. Hata yale mafagio ya manyoya ni yale yale. Kama huna maji, liache na vumbi lake. Pangusa vioo na taa kwa usalama, bodi usiiguse.

Mama IST

Nipo Nkuhungu, maji kwetu yana ratiba yake kwa hiyo suala la kumwagia bomba nusu saa halipo. Ninavyofanya ni hivi. Nilinunua lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa za mimea, JIPYA, halijawahi kuona dawa. Natia maji na shampuu ya gari kidogo, napuliza bodi nzima kuanzia paa, naacha dakika tatu nne ikiwa kivulini, isikaukie. Halafu napuliza maji matupu. Vumbi kubwa linateremka lenyewe kabla mkono haujagusa gari.

Baada ya hapo ndoo mbili. Moja ya shampuu, moja ya kusuuzia glovu. Glovu ya maikrofaiba, siyo sponji, maana sponji linabana mchanga usoni mwake na kuuburuza. Naanza paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, nusu ya chini namalizia kwa sababu huko ndiko kwenye tope. Ukimaliza angalia chini ya ile ndoo ya kusuuzia utaona mchanga uliokuwa uende kwenye rangi yako. Madumu mawili yanatosha IST nzima na yanabaki ya rimu.

Kukausha: natandaza taulo kubwa juu ya bodi nalivuta taratibu, sisugui.

Kikombe cha Choya

Mama IST, na sabuni ya unga je? Mimi naona inatoa povu zuri na gari linatakata.

Kijana wa Ihumwa

Naomba nijibu hilo kwa sababu ndiyo kazi yangu, naosha magari. Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Kwenye gari inang'oa waksi pia, ile nta ya kulinda rangi, na zile plastiki nyeusi za bampa na za chini ya kioo zinaanza kuwa nyeupe. Mara moja haiui gari. Kila wiki kwa mwaka mzima, utaona.

Lakini kaka na dada zangu, mnatulaumu vijana wa kuosha bila kusema ukweli wote. Unaleta gari, magari matano yako foleni, unataka dakika kumi na tano, na bei unakata. Hapo sponji lililotoka kwenye rimu litapanda kwenye boneti, nani ana muda wa kulibadilisha? Njoo na glovu yako na taulo zako, mwambie kijana "bodi tumia hii, rimu tumia yako". Hakuna atakayekukatalia. Nina wateja wa namna hiyo na magari yao nayajua kwa mbali.

La pili, dizeli. Mtu anaambiwa gari "lipuliziwe dizeli" chini liwe jeusi linalong'aa. Ninapoweza namkatalia mteja. Dizeli inavimbisha raba za bushi na zile buti za shafti, yaani mifuko ya raba inayofunika maungio yake, na huku kwetu vumbi linaganda juu yake siku hiyo hiyo. Unalipia uchafu.

Mgogo Asilia

Mbukwenyi. Mmeongea vumbi, nami niongeze maji. Visima vingi vya huku maji yake ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Angalia ndani ya birika lako, ule ukoko mweupe ndio ule ule unaobaki kwenye bodi tone likikauka juani. Mwenye gari jeusi au la bluu ndiye anayejua uchungu wake, mwenye la fedha anaweza asilione kabisa.

Madoa mapya yanatoka kwa siki nyeupe ya jikoni, nusu siki nusu maji. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja mbili, bodi ikiwa ya baridi na ikiwa kivulini, kisha suuza vizuri. Siki hiyo hiyo inalainisha matone ya saruji, na kwa ujenzi unaoendelea mji huu nani hajawahi kurukiwa na saruji? Usiibandue kwa kucha wala kisu. Ila doa likishaokwa na jua wiki kadhaa linachimba kliya, hapo siki haina kazi, mtafute fundi wa kupiga polishi.

Na wanaoegesha chini ya mwarobaini kwa sababu ya kivuli: ndege na popo wanapenda matunda yake. Kinyesi kina asidi, lakini kibaya zaidi ni joto. Mchana rangi inapanuka, usiku wa Dodoma baridi inasinyaa, na kinyesi kikavu kimeing'ang'ania. Inabaki alama yenye umbo la kinyesi hata ukishaosha. Weka chupa ya maji na kitambaa ndani ya gari, kilainishe kwanza, kiinue, usikikwangue.

Fundi Rangi Kizota

Nimesoma kimya, sasa mmefika kwangu.

Kuna mteja aliniletea IST ya bluu yenye doa jeupe kwenye ukingo wa boneti, saizi ya sarafu. Mahali fulani mjini walimpigia mashine ya polishi na kompaundi nzito, ile dawa ya kusugua yenye chembe kali, wakapita juu ya ukingo kama wanavyopita katikati. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi huwa nyembamba, na mashine hukanyaga hapo kwa nguvu zaidi. Kliya ikaisha, rangi ikafuata, wakafika kwenye praima, rangi ya msingi ya chini. Hilo haling'arishwi tena, nililipuliza upya boneti zima.

Kwa hiyo wakuu, kabla hujamruhusu mtu aweke mashine kwenye gari lako mwombe afanye mambo haya. Aoshe kwanza, kisha apitishe ule udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya shampuu, maana kupiga polishi juu ya mchanga ni kuukandamiza ndani. Ukitaka kujua kama gari linahitaji udongo huo, vaa mfuko wa plastiki mwepesi mkononi, pitisha vidole juu ya boneti lililooshwa. Mkwaruzo ambao mkono mtupu hausikii utausikia. Halafu abandike karatasi ya gundi kwenye kingo na plastiki. Halafu ajaribu sehemu ndogo kwa polishi nyepesi na pedi laini. Ikikubali, aendelee hivyo hivyo. Kompaundi nzito ni ya mwisho, siyo ya kuanzia. Mwenye geji ya kupimia unene wa rangi muulize akuonyeshe namba. Gari la kiwandani kwa jumla huwa kama mikroni 100 hadi 150, ukiona 400 ujue chini kuna puti ya kuzibia mbonyeo na kuna historia ambayo muuzaji hakukusimulia.

Kila ukipiga mashine unapunguza kliya. Watu wanaokuja kila baada ya miezi mitatu "kung'arisha" wanaimaliza wenyewe, nami nimeshawarudisha wengi bila kuchukua hela yao.

Vidoa vya mawe kwenye boneti usiviache. Fungua boneti au mlango, tafuta kile kibati, kwenye Toyota angalia palipoandikwa C/TR. Namba ya kwanza ndiyo rangi: 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 nyeupe ya lulu, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Nenda na namba, wachanganyie kichupa kidogo. Safisha kidoa, dondoshea kwa kijiti cha meno, tabaka jembamba, liache likauke, rudia. Mwenye 070 awe mwangalifu akienda kupuliza mlango mmoja: ile ni ya hatua tatu, kuna nyeupe ya chini, kuna lulu, kuna kliya. Ukipulizwa nyeupe ya kawaida mlango utaonekana wa gari jingine.

Harrier wa Kisasa

Mimi nina seramiki, ile dawa inayopakwa juu ya rangi ikakauka kuwa tabaka gumu. Nieleze faida na hasara. Faida: vumbi halishiki sana, tope linateleza kwa maji kidogo, kuosha kumekuwa kwepesi. Kwa shida yetu ya maji hilo si dogo. Hasara: niliambiwa ni ngao ya kila kitu. Si kweli. Lori la kokoto mbele yangu, kati ya Bahi na Manyoni, lilinirushia jiwe likang'oa rangi hadi chuma. Kwa mawe dawa ni ile filamu nene ya plastiki ya kubandika bampa na boneti, au kukaa mbali na lori. Na madoa ya maji magumu yanapata hata juu ya seramiki.

Fundi Rangi Kizota

Umesema kweli. Ongeza kwamba ikipakwa juu ya rangi yenye mikwaruzo, inaifungia humo humo.

Mkazi wa Ilazo

Mnanifaa sana. Rimu hazijaguswa bado. Na kava la gari je?

Dereva wa Siku Nyingi

Kava kwa upepo wa Dodoma? Labda ndani ya banda. Nje, vumbi linaingia chini yake, upepo unalipapasa usiku kucha, una msasa wa kutosha. Kivuli cha mabati kinakutosha.

Msafiri wa Kati

Rimu niachieni. Kazi yangu ni barabarani, Kondoa, Singida, wakati mwingine Mtera hadi Iringa.

Masika moja niliingia vijijini Bahi kwenye ule udongo wa mfinyanzi. Kurudi lami, nikifika kilomita 80 usukani unatetemeka. Nikaenda kwa fundi, akataka kubadilisha tairodi. Wa pili akataka alaimenti. Wa tatu, mzee mmoja wa pembezoni mwa barabara, hakugusa spana. Alipiga jeki, akachungulia nyuma ya rimu, akachukua bisibisi akaangusha bonge la tope kavu. Limekaa upande mmoja, tairi imekosa balansi. Nililipa soda. Tangu hapo rimu naosha na nyuma yake, kwa brashi ya mpini mrefu.

Ule unga mweusi kwenye rimu za mbele ni chuma na pedi za breki. Ukikaa na joto unajichimbia. Kuna dawa ya kuyeyusha chuma, unapuliza inageuka zambarau, unasuuza kabla haijakauka. Hiyo ni salama. Yale maji makali ya asidi yanayouzwa kwenye chupa zisizo na lebo yanang'arisha dakika ile, kisha aloi inabaki na mabaka meupe yasiyotoka.

Na usimwagie maji rimu zikiwa za moto. Ukitoka safari subiri mpaka mkono uweze kukaa. Diski ya breki ya moto na maji ya baridi si marafiki, na dawa yoyote ikimwagwa kwenye rimu ya moto inakauka papo hapo na kuacha madoa.

Kijana wa Ihumwa

Na ile ya kung'arisha tairi, paka ubavuni tu, kidogo, kwa sponji. Kuna wanaopuliza hadi kwenye diski na sehemu inayokanyaga lami. Hapo umeuza breki zako kwa urembo.

Mkazi wa Ilazo

La mwisho kwangu: waksi ya kawaida nipake kila baada ya muda gani?

Mama IST

Usihesabu tarehe, mwagia maji boneti. Yakijikusanya matone na kukimbia, waksi ipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha. Kwa jua letu usitegemee miezi mingi. Paka jioni bodi ikiwa ya baridi, safu nyembamba, mlango mmoja mmoja, na usiguse zile plastiki nyeusi, zikikaukiwa na waksi zinabaki na ukungu mweupe.