Ghala la zamani Kigoma: lipu ya saruji inabanduka, tuanzie wapi?

Mwanga_Kgm: Wakuu, habari za leo. Kuna ghala la matofali ya kuchoma jirani na reli hapa Kigoma mjini, la enzi zile reli inafika, 1914. Kuta zina unene wa sentimita 45. Tunataka nusu iwe stoo ya dagaa wakavu, nusu mgahawa. Lipu ya saruji iliyopigwa baadaye inabanduka hadi usawa wa kiuno, na ungaunga mweupe unatoka. Fundi anataka apige nyingine, saruji iongezwe. Tumruhusu?

Chokaa_tupu: Msimruhusu! Ukuta huo ulijengwa kwa chokaa ili upumue. Saruji imeuziba, maji ya ardhini yanazidi kupanda, chumvi (ndiyo huo ungaunga) inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Bandueni kwa tindo, si mashine, nusu mita kupita alama ya unyevu, na mkwangue viungo vya matofali kina cha milimita 25. Kisha subirini. Kwa makadirio ukuta hukauka milimita 25 kwa mwezi, huo wenu ni mwaka na nusu. Anzeni Mei, mvua zikikatika.

Lipu mpya: chokaa iliyolowekwa debe 1, mchanga 3, vumbi la tofali la kuchoma nusu debe ili ishike penye unyevu. Mchanga wa ufukweni ni laini mno, chukueni wa mtoni. Lowesheni ukuta, tabaka lisizidi milimita 10, funikeni kwa magunia mabichi siku nne tano. Likikauka haraka linapasuka.

Kenchi: Ungaunga msiuoshe, maji yataurudisha ndani. Brashi kavu, mzoe, mkatupe mbali. Na ziwa msilisingizie, lile ni maji baridi. Ulizeni wazee kama humo iliwahi kulala chumvi ya Uvinza. Ikiwa ndivyo, lipu ya kwanza ihesabuni ya kutupa: ifyonze chumvi, ibanduliwe, ipigwe nyingine. Ncha za kenchi, yaani mbao za paa, zilizozama ukutani zichomeni bisibisi. Ikiingia bila nguvu, mbao imeoza au mchwa wamemaliza.

Mwanga_Kgm: Shukrani. Sakafu je? Tumeambiwa tumwage zege juu ya nailoni.

Chokaa_tupu: Nailoni itahamishia unyevu wote kwenye kuta. Kama lazima zege, liishie sentimita 30 kabla ya ukuta, pengo lijazwe kokoto. Dagaa wakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kenchi: Na kabla ya tindo la kwanza, ulizeni idara ya serikali ya Mambo ya Kale kama jengo limetangazwa kuwa la kuhifadhiwa chini ya sheria ya mambo ya kale ya 1964. Kibali cha halmashauri peke yake hakitoshi hapo.